Nilivyoacha safu ya makosa tupu kwenye stats za mechi, nusura mpwa wangu akose nafasi

Wakuu, asalaam aleikum nyote, wa bara na wa visiwani.

Nimekaa hapa Maskati na kahawa yangu, nikaona niwape hili. Naliandika lilivyokuwa. Hata pale ninapoonekana mjinga, sitoparuka.

Mie si msomi. Nilisoma chuoni, Kurani tu, na skuli nikaishia darasa la nne Unguja. Nilipofika huku nikaingia bandarini Matrah kuhesabu mizigo, miaka ishirini na nane. Leo nna duka langu Hamriya, nna nyumba Ghubra, na hakuna aliyenishika mkono. Wa kuudhika na audhike.

Tuje kwenye habari.

Kuna klabu ya basketball hapa, jina nalihifadhi. Msimu huu ndo wameanza kulipa wachezaji. Mpwa wangu Khalfan, mtoto wa dada yangu, alikuwa kwenye majaribio. Nafasi imebaki moja, wanaoitaka wawili: yeye na kijana anaitwa Idrisa.

Khalfan alishaacha kazi ya wizarani kwa ajili ya mpira huo. Dada yangu alilia kama kafiwa. Kwa hiyo akikosa, hana pa kurudi.

Kocha wao Mkenya, Otieno, aliwaambia wazi kuwa mechi ya pili ya msimu ndo itaamua, na ataamua kwa stats, yaani hesabu za kila mchezaji.

Siku ya mechi, baada ya Alasiri, mwandishi wa stats kapata homa. Watu wa klabu wakanitaja mie.

Kocha akaniangalia kanzu mpaka viatu. "Mzee, wanasema unajua kuhesabu?"

"Mie nahesabu meli wewe hujazaliwa."

"Na Khalfan si ni wa kwenu?"

"Bandarini nilihesabu mzigo wa shemegi yangu na sikumuongezea hata gunia moja. Mpaka leo hanisemeshi."

Akacheka, akanipa karatasi. Akanieleza safu zake: pointi; rebound, yaani mpira uliogonga chuma ukadakwa; assist, yaani pasi iliyozaa kikapu; na ya mwisho turnover, yaani mpira uliopotezwa ukaenda kwa wapinzani.

Nikakaa pembeni ya uwanja. Wakuu, nilihesabu! Vijiti vinne, cha tano nakilaza juu yao, kama bandarini.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Bandarini, gunia lililopasuka tulikuwa hatuliandiki kwenye karatasi kubwa inayokwenda kwa mwenye mzigo. Unaliandika kwenye kijitabu cha mfukoni, na limetoka upande gani wa meli. Msimamizi akikuuliza ndo unakitoa.

Juu ya hapo, kwetu aibu ya mtu unaisitiri. Utaandikaje makosa ya watoto wa watu kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani, mama zao waisome?

Basi turnover zote nikazitia kwenye kijitabu changu. Karatasi ya kocha, safu ile nikaiacha nyeupe.

Mechi tukashinda. Khalfan pointi 11, rebound 14. Idrisa pointi 16, rebound 5.

Kocha akasoma, akasoma tena. Akainyanyua karatasi mbele ya timu nzima.

"Mzee wangu, watu kumi na wawili wamecheza na hakuna hata mmoja amepoteza mpira? Hii ilikuwa mechi ya malaika?"

Vijana wakaangua kicheko. Mie na mvi zangu.

"Sasa hata hizi rebound kumi na nne nitaziamini vipi? Karatasi hii siitumii. Nitaamua na vile nimeona kwa macho."

Na macho, wakuu, huona mwenye kufunga. Idrisa ndo aliyefunga zaidi.

Nikatoka nje kwenye gari. Kijitabu kimo mfukoni, kinanichoma. Nikikitoa, namuumbua mpwa wangu. Nikinyamaza, rebound zake zimepotea bure.

Khalfan akanifuata, macho mekundu. "Mjomba, umenimaliza kwa mkono wako."

Nikamwambia kuhusu kijitabu.

"Zangu ngapi?"

"Tisa."

"Tisa, mjomba?"

"Tisa. Na mbili umezitupa kama unamrushia paka dagaa. Idrisa anazo mbili tu."

Akapiga teke tairi langu. Halafu akasema, "Kitoe."

Hapo nilimuona mtu mzima. Mie mwenyewe nilikuwa nishaanza kutafuta uongo wa kusema.

Tukarudi ndani. Nikamwambia kocha mbele ya wale wale waliocheka: makosa yapo, niliyaficha mie, kijana hakujua.

Klabu walikuwa wanarekodi kwa simu, ikazima robo ya pili ilipokwisha. Kocha akakaa na kijitabu mkono mmoja na simu mkono mwengine. Kila turnover niliyoandika ya robo hizo mbili akaiona. Hata moja haikupungua, akaziamini na zilizobaki.

Kisha akauliza, "Na hii alama ya K ni nini?"

"Kushoto. Ndo ulipopotelea mpira."

Za Khalfan nane kati ya tisa zilikuwa K.

Kocha akapiga paja. "Kumbe! Huyu hana mkono wa kushoto, basi. Mkono naweza kumfundisha. Rebound kumi na nne siwezi kumfundisha mtu."

Akampa Khalfan nafasi mpaka nusu msimu. Idrisa anaendelea na mazoezi, watapimwa tena. Kwa hiyo mambo hayajesha. Lakini kila asubuhi huyu bwana yuko Ghubra anadunda mpira kwa kushoto, mkono wa kulia kaufunga nyuma kwa kilemba changu cha zamani, na haupotei kama ule wakati.

Mie nilidhani kumfichia mtu makosa ndo kumpenda. Kumbe nusura nimfutie na mazuri yake, maana karatasi isiyo na kosa hata moja hakuna atakayeiamini hata inaposema kweli. Nimejifunza hilo uzeeni na sioni haya kulisema.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nyinyi mngekitoa kile kijitabu, au mngenyamaza? Na wanaojua basketball nipeni mbinu za mkono wa kushoto, nitampelekea. Wa kunitukana pia karibuni, ila mpange foleni.