Kidole Nilichotumbukiza Kwenye Chupa ya Zaina

Nilikosea mimi. Si shetani, wala si ugumu wa maisha. Nina miaka sabini na sita, na jambo hili sijamwambia hata mke wangu.

Miaka ile ya soko huria, ofisi zikipunguza watu, nilikuwa fundi wa maabara hapa Tanga, na elimu yangu ya kidato cha nne. Zaina alipotoka chuo kikuu, mimi ndiye niliyemfundisha kushika pipeti bila kutetemeka. Akaniita Mwalimu.

Siku moja wakaja wageni wakubwa. Zaina akawaeleza kazi yake, kisha akanigeukia: "Na huyu mzee ndiye anayetuoshea vyupa."

Wakacheka. Nami nikacheka. Moyoni nikasema, binti, utanijua.

Alikuwa akitenga protini moja kwenye damu ya ng'ombe, isaidie kupima mapema ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe. Alitumia aptama, vijiuzi vya RNA vilivyonatishwa kwenye chembechembe ndani ya bomba la kioo. Ukimimina seramu, majimaji ya damu, vijiuzi hukamata protini ile tu, nyingine hupita. Vilitoka ng'ambo, na vingine havikuwepo. Mkataba wake ulingoja majibu hayo. Kila siku alituonya tuvae glovu, kwani jasho la mkono huviharibu.

Alipokwenda kuswali adhuhuri nilivua glovu, nikajifuta shingo, nikatumbukiza kidole kwenye chupa ya maji ya kusafishia bomba. Kidole kimoja tu. Jamani, raha niliyoipata!

Protini haikukamatwa. Akarudia, hola. Akanijia macho mekundu: "Mwalimu, nisaidie kutafuta nilipokosea."

Siku tatu nilikaa naye tukikagua mizani, chumvi, barafu. Nilikila kisasi changu taratibu, kama halua. Mwisho nikamwambia labda mkono wake mzito.

Mkataba haukuongezwa. Mradi ukafungwa, nami nikapunguzwa. Zaina akaenda kufundisha Maramba. Maabara hakuigusa tena.

Mwaka jana tulikutana msibani Tongoni. "Shikamoo, Mwalimu." Akaushika mkono wangu wa kulia, akaubusu. Kidole kile kilikuwemo.

"Mkono wangu mzito ndio uliokukosesha kazi," akasema. "Nisamehe."

Nami, mtu mzima, nikajibu: "Nimekusamehe."

Ndugu msomaji, ukidharauliwa kazini, sema palepale, wakusikie. Usingoje uliyemdhulumu aje kukuomba radhi.

Zaina, ukiyasoma haya: mkono wako haukuwa mzito.