Kipande cha Tatu

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni kule Kongwa, niliposimama mbele ya wenzangu kuhukumu kitabu ambacho sikukisoma chote. Sasa kichwa kimejaa mvi, lakini nikiikumbuka siku ile bado naona haya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka tuliyoyazoea yakiwa matupu yalianza kujaa, na pale Majengo, Dodoma mjini, wauza mitumba walitandika riwaya pembeni ya nguo. Nyingine zilikuwa mpya, za mapenzi na upelelezi. Nyingine zilikuwa kuukuu, majalada yameshatoka. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Elia, akienda mjini mwisho wa mwezi alirudi na kitabu kimoja. Kimoja, nasi tu arobaini!

Tungefanyaje? Tulikuwa na desturi yetu. Kitabu tulikikata vipande vinne, kila kipande tukakishona kwa uzi wa gunia, tukakivika karatasi ya mfuko wa saruji na kukiandika namba. Ukimaliza cha kwanza unamfuata mwenye cha pili. Kama hajamaliza, unasubiri.

Jumamosi mchana tulikusanyika bwaloni kutoa maoni. Kitabu kilichosifiwa kilibaki kabatini. Kilichokataliwa tulikishona tena kiwe kimoja, Mwalimu akakirudisha Majengo kwa yule yule muuzaji, akapewa kingine. Kwa hiyo maneno yetu yalikuwa na uzito, na yangu yalikuwa makali. Sijisifu, nakueleza tu nilivyokuwa. Nilikuwa wa kambi ya upelelezi, na riwaya za zamani niliziita dawa ya usingizi. Nikifungua mdomo bwalo zima linacheka, nami nikadhani kuchekesha ndiko kujua.

Safari hiyo kilikuja cha zamani, hakina jalada, hata jina lake hatukulijua. Kilimhusu Sela, msichana aliyelelewa na bibi yake. Mwishoni mwa kipande cha pili wanagombana, Sela anaondoka, na bibi anaapa kwamba mjukuu huyo hatakanyaga tena uani kwake. Nikataka cha tatu. Kilikuwa kwa Dorka.

Dorka alitoka Haneti. Nyumbani kwao walizungumza Kigogo, Kiswahili alikikuta shuleni, na alisoma kidole kikiwa juu ya mstari, neno baada ya neno.

"Dorka, bado tu?" nilimuuliza.

"Bado. Naomba univumilie, Tausi, nimerudia kurasa fulani."

"Unasoma au unapalilia?"

Haraka haraka haina baraka, methali hiyo nilikuwa naiimba tangu shule ya msingi, lakini kuimba si kutenda. Nikaruka nikachukua cha nne. Humo bibi amekwisha kufa, macho yake yalikuwa yamepofuka kabla. Waombolezaji wanalia, na Sela yuko pale pale msibani anawachotea watu maji, macho makavu. Basi, nikaona nimepata mada.

Jumamosi nikasimama. "Mwandishi huyu hana moyo, na Sela wake hana utu," nikasema. "Kalelewa, kakimbia, karudi mazikoni bila hata chozi! Kirudi Majengo hiki, tuletewe kitabu chenye bastola." Watu wakacheka, wakapiga meza. Mwalimu Elia akauliza wanaokubaliana nami, na mikono ikanyooshwa karibu yote, hata ya wale ambao zamu yao ya cha tatu haikuwa imefika.

Ndipo Dorka akasimama. Tangu kidato cha kwanza hakuwahi kusimama siku ya maoni.

"Mwalimu, naomba kisiondoke."

Mmoja wetu kule nyuma akaita, "Mbukwa!" Hiyo ni salamu ya Kigogo, njema kabisa, lakini sisi tuliigeuza kuwa kejeli. Watu wakacheka, na mimi pia. Dorka hakuketi.

"Tausi hajasoma cha tatu," akasema. "Kiko kwangu."

Akakifungua, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, kwa lafudhi yake ya kwao. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Sela alirudi. Alirudi bibi akiwa tayari haoni, na kwa kuogopa kile kiapo akajifanya kijakazi aliyetumwa na jirani. Mwaka mzima alimchotea bibi yake maji, akampikia, akamwosha miguu, wala hakutamka neno, maana sauti yake ingejulikana. Alilia pale pale mbele yake, kimya kimya, na bibi haoni. Siku bibi alipokuwa anakata roho akamshika mkono akamwambia, "Nilikujua tangu siku ya kwanza, mjukuu wangu, kwa unavyotua ndoo. Nilinyamaza nisije nikakuaibisha."

Tulisikia kunguru wakitembea juu ya bati. Wavulana waliokuwa wanapiga meza walikuwa wamejiinamia. Mimi nilistaajabu mpaka nikasahau kuketi. Nilistaajabia kitabu kile kisicho na jina, nikamstaajabia zaidi yule msichana wa kidole, aliyekaa wiki mbili na jambo kubwa namna ile huku mimi namharakisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Dorka akafunga kipande. "Bibi yangu alizikwa Haneti mwezi uliopita," akasema. "Habari iliponifikia hapa, sikulia. Bwenini mkaniita Jiwe. Likizo nzima nilimuuguza mwenyewe, nikalia huko mpaka machozi yakaisha. Kitabu hiki ndicho pekee kilichonielewa. Mkikirudisha, mimi nitabaki na nani?"

Aliyeanza kumwita Jiwe ni mimi, mwanangu.

Mwalimu Elia akauliza tena nani anataka kitabu kirudi Majengo. Hapakuwa na mkono hata mmoja. Kisha akanigeukia, bila ukali wowote. "Binti yangu, kusema unajua. Sasa jifunze kungoja." Viboko vyote nilivyopata shuleni nimevisahau, lakini maneno hayo bado ninayo.

Jioni nilimfuata Dorka kwenye bomba la maji. Nikamwambia, "Dorka, nisamehe."

Akanipa kile kipande. "Soma kwanza," akasema. "Halafu tutaongea."

Nikasoma. Niliporudi kwake sikuwa na la kuchekesha, nikamwomba tu anisimulie habari za bibi yake. Alinisimulia kutwa nzima ya Jumapili. Ulimi hauna mfupa, nao ulikuwa umenizuia kumuuliza swali moja dogo ambalo mtu yeyote angemuuliza aliyefiwa.

Mwanangu, nakuona siku hizi na simu yako, unakipa kitabu nyota moja baada ya kusoma muhtasari wa mtu mwingine. Sikukatazi kuwa na maoni. Kijana asiye na maoni anasikitisha. Kataa kitabu, kicheke, kama kimekuchosha sema kimekuchosha, kiwe kipya au cha mababu. Ila kimalize kwanza, na kama hukukimaliza, liseme hilo mbele ya watu kabla ya lingine lolote. Na mtu ni zaidi ya kitabu. Ukimwona halii penye kulia, au hacheki penye kucheka, usimpe jina. Kaa naye, muulize, na akichelewa kujibu mngoje. Kuna sehemu ya maisha yake ambayo hukuwepo ilipoandikwa.

Mungu akupe masikio mapana na moyo usiochoka kungoja. Akukutanishe na kitabu kitakachokunyamazisha, na rafiki atakayethubutu kusimama peke yake kukukosoa. Siku hiyo ikifika, mwanangu, usiketi kwa hasira. Msikilize mpaka mwisho.