Mkono wa baba kwenye picha

Leo nimemwambia shangazi yangu, mbele ya watu 41 wa grupu hili la familia, kwamba amezeeka, anasahau.

Niwaeleze, kisha mniseme.

Wiki nzima nahamishia kwenye simu negativu, zile filamu za picha za zamani, za marehemu baba. Msaidizi sina, wa kuuliza "zimeisha?" ndio wengi. Nimejitengenezea kisanduku cha katoni, taa chini, sahani nyeupe ya plastiki juu. Napiga kwa simu, nageuza rangi. Picha 96 tayari.

Asubuhi nikaweka moja kwenye grupu: baba yuko harusini, anakula wali.

Shangazi Fatuma akatuma sauti: "Kaka yangu hakula kwa kushoto hata siku moja. Umeiharibu hiyo."

Nikapandwa na hasira. Nikajibu: "Shangazi, kamera haisahau. Wewe umri umekwenda."

Watu wakacheka.

Baadaye nikaikuza ile picha. Nyuma ya baba kuna gunia la sukari, na maandishi yake yako kinyume.

Negativu ina pande mbili, nami niliilaza upande usio wake. Kulia kumekuwa kushoto, katika picha zote 96.

Nikachukua pikipiki hadi kwake Quionga. Nikamkuta jamvini, hajapika. Nikamweleza, nikaomba radhi.

Akauliza taratibu: "Kwa hiyo kaka yangu bado namkumbuka vizuri?"

"Vizuri kabisa, Shangazi."

"Basi waambie na wenzio."

Ndiyo nawaambia. Picha sahihi hii hapa. Nawe uliyecheka, ukiwa na neno, mpigie yeye, usiniandikie mimi.