Jenereta Isiyosikika

Arcade hakutega sikio. Aliinama juu ya jenereta ya kwanza, iliyokuwa inaunguruma, pale kwenye kibaraza cha duka la Apolinari huko Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, akaibandika kiganja ubavuni kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akachukua chupa ya maji iliyonywewa nusu, akaisimamisha juu ya tangi la mafuta. Maji yakarukaruka ndani ya chupa kama yanayochemka.

"Fundi, unaikagua au unaiombea?" Apolinari alimuuliza kwa kelele. Alikuwa muuza pampu, mabati na jenereta, mtu wa maneno mengi hata mashine zikiwa zimezimwa.

"Mwache," alijibu Severini, mpishi wa kambi aliyekuja naye mjini. "Hawa wa Katumba hata kuku hawanunui bila kumpapasa."

"Na nyie wa Majimoto mnanunua kuku mkiwa mmefumba macho, ndiyo maana mnauziwa kunguru."

Arcade alicheka. Maneno ya Severini aliyapata yote, kwa sababu Severini alikuwa na tabia ya kupayuka hata akiomba chumvi. Ya Apolinari aliyapata nusu, kwa kutazama mdomo.

Walikuwa wametumwa na Fredrick, msimamizi wa kambi ya uwindaji wa kitalii ambako Arcade alikuwa fundi wa mitambo tangu akiwa kijana asiye na mke. Msimu uliopita wageni walilalamika. Walisema wamesafiri kutoka mbali waje wasikie simba, wakaishia kusikia mashine ya kusaga. Mmoja alifunga mizigo kabla ya siku zake kwisha. Ofisi ikaamua kwamba kambi ndogo, zile za mahema zinazohamishwa kila wanyama wanapohama, zitapewa jenereta ya kubeba mkononi, ndogo na yenye kunyamaza.

"Mzee Arcade, masikio ya mashine unayo wewe," Fredrick alimwambia. "Nenda kachague. Ikipiga kelele, nitakuuliza wewe."

Masikio ndicho kitu ambacho Arcade hakuwa nacho.

Yalikuwa yameondoka polepole, bila kuaga. Alizaliwa Katumba, katika makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliotoka Burundi wakiwa na jembe na mtoto mwingine mgongoni. Uraia waliupata baadaye, yeye akiwa mtu mzima. Akiwa mvulana alishika kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Kambini alikabidhiwa jenereta kubwa ya dizeli iliyokaa ndani ya kibanda cha mabati, na kwa misimu mingi alilala kitanda kimoja na kelele ile, kwa kuwa umeme ukikatika mgeni akiwa bafuni, fundi hana utetezi. Hakuna aliyempa kitu cha kuziba masikio. Yeye mwenyewe hakuomba. Angeonekana mtu wa kudeka.

La kushoto lilikufa kwanza. La kulia lilibaki na sauti nene tu, na sauti zilizopigwa kwa nguvu. Alijua kwa hakika Jumapili moja kanisani, alipokuwa katika safu ya besi. Wimbo uliisha, wenzake wakafunga vinywa, yeye akaendelea peke yake mpaka mkewe, Joséline, alipotoka kwenye safu ya akina mama na kumvuta koti. Walirudi nyumbani. Mlangoni Joséline alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwake, akasema taratibu ili midomo isomeke: "Kazini wasijue."

Hakuhitaji kuambiwa. Kambini kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: porini hakai mtu asiyesikia filimbi. Filimbi ikipigwa mara moja, kwa chini, kila mtu anasimama alipo mpaka mnyama apite. Na mahindi ya Joséline yalitosha kulisha nyumba tu. Kilichomweka Aline, binti yao wa mwisho, katika chuo cha uuguzi ni mshahara wa kambi. Alikuwa amebakiza miaka miwili.

Kilichomficha Arcade ni ile ile mashine iliyomwibia masikio. Karibu na jenereta ile kila mtu alikuwa kiziwi. Aliyetaka kusema na fundi alimfuata mpaka kibandani, akasimama mbele yake, akapiga kelele na kuonyesha kwa mikono. Nani angemshuku? Hata mchana, mashine ikiwa imezimwa, wahudumu walikuwa wamezoea; wakimwona Arcade wanapaza sauti wenyewe, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango anaoujua kuwa ni mfupi.

Sasa alikuwa ametumwa kununua ukimya.

"Chukua hii," Apolinari alisema, akiipiga kofi ile ya kwanza. Ilikuwa ya chuma wazi, injini nje, ekzosi fupi kama kisigino. "Ina nguvu, vipuri vimejaa mjini, bei ya kuongea. Na kelele yake si ya kusumbua."

Jirani yao fundi wa kuchomelea alikuwa anakata nondo. Arcade alitikisa kichwa. Alijua kosa ambalo wanunuzi wengi hulifanya pale: wanaijaribu jenereta barabarani, katikati ya bodaboda na misumeno, wanasema haina kelele, wanaipeleka porini na kukuta wamebeba trekta.

"Tuipeleke uani," alisema. "Na ile ya boksi pia. Na unipe pasi."

"Pasi ya nguo?"

"Mashine isiyobeba mzigo ni kama mtu aliyelala. Yeyote akilala ni mpole."

Uani, nyuma ya duka, palikuwa na ukuta mrefu na utulivu kiasi. Aliiwasha ile ya chuma wazi, akachomeka pasi, akasogea kando. Hakuitazama mashine. Aliwatazama Apolinari na Severini. Waliinamiana, kila mmoja akipeleka mdomo kwenye sikio la mwenzake. Mishipa ya shingo ikawatoka. Aliizima.

Akaiwasha ya pili. Ilikuwa imefungwa ndani ya gamba la plastiki, ina mpini juu kama sanduku la safari na miguu ya mpira, aina ile ambayo injini hupunguza mwendo yenyewe mzigo ukipungua. Akachomeka pasi ile ile. Chupa ya maji juu yake ilisimama. Juu ya maji kulipita viduara vyembamba tu. Simu ya Apolinari ikaita. Apolinari aliitoa mfukoni, akaiweka sikioni akiwa amesimama pale pale, mkono wa pili kiunoni, akaongea. Hakuziba sikio la pili. Hakusogea.

Arcade alielewa kwamba ameipata.

Alibaki ameushika ule mpini kwa muda. Angeweza kuchukua ile ya chuma wazi. Angemwambia Fredrick kwamba hii ya boksi ni tete, kwamba vumbi la Agosti litaiua, kwamba vipuri vyake havipo Mpanda, na Fredrick angeamini kila neno. Wageni wangelalamika msimu mmoja zaidi, labda miwili. Aline angekuwa amemaliza. Alifikiria hivyo, na huku mkono wake, uliozoea kazi yake kuliko yeye, ulikuwa umeshafungua kifuniko na kukagua plagi, chujio la hewa na kiwango cha oili. Kisha akaibeba kwa mkono mmoja mpaka barabarani na kurudi, aone kama mtu mzima anaweza kuhama nayo. Aliweza.

Maisha yake yote hakuwahi kumletea mtu mashine mbovu akijua ni mbovu. Hakujua namna inavyofanywa.

"Hii," alisema.

Severini alimtazama kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. "Una hakika, fundi?" alipayuka.

"Nina hakika."

Kambi ndogo ya kwanza waliiweka kando ya mto uliokauka, mchanga mtupu. Arcade aliiweka jenereta chini kwenye udongo, siyo kwenye bodi ya gari ambako bati lingeitikia kila mtetemo, nyuma ya kichuguu, ekzosi ikitazama mbali na mahema. Giza lilipoanza kuingia taa zikawaka, na mgeni mmoja akauliza kama umeme ule unatoka kwenye betri. Fredrick alimfuata Arcade na kumshika mkono kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata Fredrick alitangaza utaratibu mpya: kwa kuwa sasa kambi imetulia, hakuna mfanyakazi kupaza sauti. Arcade alijua tangazo lile kwa kuona watu walivyobadilika. Vinywa vilifunguka kidogo. Wanaume waliokuwa wakirushiana matusi ya utani kutoka hema hadi hema walianza kusogeleana na kunong'ona. Sauti nene aliyobakiwa nayo ikamwacha. Alipita kati yao kama mtu anayepita kwenye msiba asioujua ni wa nani.

Severini peke yake ndiye aliyefanya jambo la ajabu. Hakupayuka tena, amri ni amri; lakini kila alipotaka kumwambia Arcade neno, aliacha sufuria, akamzunguka mpaka mbele ya uso wake, akalisema polepole. Ndipo Arcade alipotambua kwamba mpishi yule hakuwa mpayukaji kwa asili. Alikuwa amempayukia yeye, kwa miaka.

Jioni moja, jua likiwa linazama, Arcade alibeba dumu la petroli kuelekea kichuguuni. Alikuwa anatazama chini, asijikwae kwenye mizizi. Angeinua macho angeona kila kitu, maana kusoma miili ya watu ndiko kulikomweka kazini: wageni wamesimama wima kando ya viti vyao, Severini ameganda na mwiko hewani. Hakuinua macho. Alihisi ukosi wa shati ukimkaba, akavutwa nyuma, dumu likaanguka. Ng'ambo ya mchanga, karibu kuliko inavyofaa, tembo jike na mwanawe walikuwa wanapita. Jike aligeuza kichwa, akafungua masikio, akasimama. Kisha akaendelea na safari yake.

Severini, aliyeacha mwiko na kumfuata, hakumwachia ukosi mpaka tembo walipopotelea mitini. Fredrick alikuwa na filimbi mdomoni. Aliitoa polepole, akimkazia macho Arcade.

Asubuhi, wageni wakiwa wamekwenda kuwinda, Arcade alikaa jikoni akisafisha plagi kwa kipande cha msasa. Mbele yake Severini alikuwa anakata vitunguu. Ghafla kisu cha Severini kikasimama. Severini akaruka juu ya kreti la soda, macho yakiwa kwenye nyasi, pale pale penye mguu wa Arcade. Arcade akatazama alipotazama mwenzake. Nyasi tu. Akainua uso, akaona Severini amekwisha kuelewa na ameshika kichwa kwa mkono wenye kitunguu. Basi akageuka.

Fredrick alikuwa amesimama nyuma yake, hatua moja.

"Nimesema nyoka," Fredrick alisema. Akarudia kwa kelele; ilikuwa mara ya kwanza tangu amri ile itolewe mtu kupaza sauti kambini. "Nimesema kuna nyoka mguuni kwako, Mzee Arcade."

"Sikusikia."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mashine yenu ya dizeli."

"Ungesema."

"Ningesema, ungenifanya nini?"

Fredrick hakuwa mtu mbaya, na hakutafuta uongo. "Ningekurudisha nyumbani."

"Basi ndiyo maana."

Aliambiwa ataondoka na gari la mahitaji. Kuhusu fidia ya masikio, Fredrick alisema ataiuliza ofisi. Kesho yake alirudi na jibu kwamba, kwa umri wake, ofisi haiwezi kujua kama ni mashine au ni uzee. Alilisema kwa kelele na kwa aibu, huku akitazama pembeni, na kwa kuwa alitazama pembeni Arcade alikosa nusu ya maneno. Hakuomba arudie.

Kabla ya kupanda gari alitakiwa amfundishe Severini kuiwasha, kwa kuwa mashine ile haikuhitaji fundi wa kulala kando yake. Walikwenda wawili nyuma ya kichuguu. Arcade alimwonyesha swichi ya mafuta, kamba ya kuvutia, na jinsi ya kusikiliza kwa kiganja kama injini inabanwa. Severini alivuta kamba. Arcade aliweka mkono juu ya gamba, akapata mtetemo mdogo, kama wa paka aliyeshiba.

"Inasikika?" aliuliza.

Severini alimzunguka, akasimama mbele yake.

"Haisikiki, fundi."

Arcade alitikisa kichwa kukubali, akafuta vidole kwa kitambaa, akakikunja na kukiweka juu ya kichuguu. Dereva alikuwa anapiga honi. Severini alimgusa bega na kumwonyesha gari.