Vinywa Ambavyo Sikuvihesabu

Chaki aliileta kaka, lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu. Nasema hivi mapema kwa sababu nimeona watu wakitaka kusimulia makosa yao huanza na ya wenzao, na mimi tayari nimeanza na kaka.

Ilikuwa Desemba, shule imefungwa. Kutoka shuleni kwetu hadi nyumbani Yakobi ni gari moshi, halafu basi, halafu lori lolote litakalokubali kukubeba, na mvua zikishaanza ni hilo lori la mwisho linalosumbua. Nilishushwa Makambako, pale njia panda ambapo barabara ya Mbeya inaachana na ya Njombe. Nikaambiwa magari ya Njombe yamekwama kwenye tope na hakuna ajuaye yatafika lini. Sikuogopa. Kaka yangu alikuwa na nyumba palepale. Alikuwa anaendesha greda kwenye kambi ya barabara, na alikuwa ameoa mwaka uliotangulia. Mtoto walikuwa hawajapata.

Wifi yangu alinipokea mzigo kabla sijamaliza salamu yetu ya kamwene. Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali huandika jibu kwa kidole kwenye kiganja kwanza, ndipo nilitamke, na mara nyingi mwalimu anakuwa ameshamwita mwingine. Wifi aliliona hilo siku ileile. Badala ya kunihoji habari za shule alinipa kazi: chambua haya maharage, shika hapa, sogeza kuni. Tukakaa jikoni tukiwa kimya wote wawili, na haikuwa taabu. Nilimpenda kwa sababu hiyo.

Jioni iliyofuata aliomba hela ya mafuta ya kupikia.

"Juzi nimetoa shilingi mbili," kaka akasema. "Zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda tumboni mwako," wifi akajibu bila kuinua uso kwenye sufuria. "Na nyingine umeshaziacha kule nyuma ya nyumba."

Kaka alicheka, lakini hakuacha. Alikuwa anaweka akiba ya baiskeli, na kila senti ilikuwa inamwasha. Akaanza kuisifu hoteli ya pale wanaposimama malori. Akasema mtu hajavuta benchi vizuri, sahani imeshafika. Ugali na maharage senti thelathini. Asubuhi chai na andazi senti kumi na tano. Hakuna kuni wala moshi, wala mtu wa kukuomba hela ya mafuta kila kukicha.

"Basi hamia huko," wifi akasema. "Na suruali wakufulie haohao."

Kaka akanigeukia. "Lakini si tuna msomi hapa. Mdogo wangu, kule kwenu mnafundishwa mapishi na mnafundishwa hesabu. Tupigie. Chakula cha nyumbani na cha hoteli, kipi rahisi?"

Wakanitazama wote wawili. Na hapa lazima niseme kweli: nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu mbele ya watu nikawa najua jibu lake. Mwalimu wetu wa mapishi, mama wa Kizungu mwenye sauti ndogo, alikuwa ametufundisha kwamba mwenye nyumba hodari huhesabu mpaka njiti ya kibiriti. Kaka akaleta chaki kutoka kambini, ile ya kuandikia namba kwenye mapipa, na siku zote nilizongoja lori nikawa naandika kwenye mlango wa jiko. Unga. Maharage. Mafuta, chumvi, vitunguu, sukari. Kibiriti. Sabuni ya kusugulia sufuria. Kuni, kwa sababu Makambako kuni zilinunuliwa, si kama kwetu ambako unaokota matawi ya miwati mpaka unachoka.

Nilipouliza bei ya mzigo wa kuni wifi alinitajia, kisha akasema, "Andika na kikohozi changu, wifi. Moshi nao una bei."

Nikacheka. Sikuandika.

Siku hizo hatukuwa watatu tu ndani ya nyumba ile. Kaka na wifi hawakuwahi kuwa peke yao. Kila mtu wa Yakobi anayekwenda Mbeya au Iringa lazima abadilishe gari Makambako, na kila anayebadilisha gari Makambako anamkumbuka kaka yangu. Baba mdogo alilala pale akienda Mbeya. Jirani yetu mmoja alipita na mtoto wake mgonjwa, anampeleka hospitali. Wakaja pia vijana wawili waliokuwa wanarudi kutoka mashamba ya mkonge, wenye masanduku mapya na njaa ya siku nyingi. Hodi ikipigwa, wifi aliongeza maji kwenye sufuria, kisha unga. Na mimi kila jioni alinimegea kipande cha pili cha ugali bila kuniuliza, kwa kuwa alijua nitakataa kwa haya.

Nikazidisha mpaka ikawa hesabu ya mwezi. Nyumbani, shilingi arobaini na moja. Hotelini, mtu mmoja, shilingi ishirini na mbili na nusu.

"Lakini nyie ni wawili," nilimwambia kaka kwa sauti ya chini. "Wawili hotelini inakuwa arobaini na tano."

"Hapana. Mimi ndiye nitakayekula hoteli. Yeye akikaa kwa mama anakula cha shamba, na cha shamba ni bure. Andika hapo: bure."

Nikaandika bure.

Wifi alikuwa amesoma kidogo shule ya misheni. Akasogea mlangoni na mwiko mkononi, akalisoma lile neno taratibu kwa sauti. "Bure," akasema. "Kumbe mimi ni bure. Nilikuwa sijui." Akarudi kwenye sufuria yake, na mimi nikadhani utani umekwisha.

Lori lilipopatikana, kaka akasema twende nalo mimi na wifi, gari ni moja. Yeye wifi akae Yakobi mpaka baiskeli inunuliwe. Alisema kwa upole, kama mtu aliyeonyeshwa jambo na wenye akili kuliko yeye. Wifi alifunga sufuria zake kwenye kanga, kubwa chini, ndogo ndani yake. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi, tumejifunika turubai moja. Tulipokaribia kufika Njombe, ukungu umeanza kutushukia, akanisogelea.

"Wifi," akasema, "kule shuleni mnapika kwa kuni au kwa chaki?"

Akanifinya goti, akacheka. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Huko Yakobi ndiko nilikojua maana ya bure. Januari mahindi yapo shambani bado mabichi, na ghala la nyumbani unalisikia likilia tupu ukigusa ukuta wake. Mama alimpokea mkwewe vizuri, hakumuuliza swali hata moja, lakini nilimwona akipima unga kwa kibaba, akikisawazisha kwa kiganja, jambo ambalo likizo zilizopita hakuwa analifanya. Wifi aliamka kabla yetu sote kwenda kulima viazi na kurudi amelowa. Usiku nilimsikia akikohoa. Kwa hiyo alikuwa analipa, kwa jembe. Ila mimi nilikuwa sijaliandika jembe kule mlangoni.

Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni la kisimani.

Tulikwenda kuteka maji asubuhi, mimi nyuma yake. Walikuwepo wanawake watano au sita, na mmoja wao anajulikana kijiji kizima kwa mdomo. Walisalimiana kamwene, wakaulizana habari za mvua. Kisha yule mama akamtazama wifi kuanzia kichwani, akashuka, akasimama tumboni.

"Mwaka mzima Makambako," akasema, "na umeturudia na sufuria tu?"

Wengine wakainama kwenye ndoo zao ili wacheke vizuri. Kila mtu alielewa. Mke anayerudishwa kwa wakwe bila mtoto, na mume amebaki mjini, hahitaji kuelezwa. Katika Yakobi yote mtu pekee aliyejua kwamba sababu yenyewe ilikuwa baiskeli na chaki, ukimwacha wifi, nilikuwa mimi. Nilikuwa na maneno mawili matatu tu ya kusema, na yule mama angefunga mdomo. Niliyaandika kwenye kiganja. Nikayaandika tena.

"Sufuria zenyewe ni nzito, mama," wifi akajibu. "Kama ungezibeba ungejua."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Akajitwisha ndoo, akapanda mlima haraka kuliko siku zote, maji yanamwagika mgongoni na hakuyafuta. Hakunigeukia kuniuliza kwa nini nilinyamaza. Hajaniuliza mpaka leo.

Likizo ilipoisha nilishuka tena Makambako nikiwa njiani kurudi shule. Nyumba ya kaka ilikuwa baridi. Mafiga yalikuwa na majivu meupe ya zamani, na hesabu yangu bado ilikuwa mlangoni, imefifia upande unaopigwa na mvua. Kizingitini alikuwa amekaa baba mdogo, amerudi kutoka Mbeya, na yule jirani na mtoto wake, ambaye alikuwa amepona na analia njaa kwa nguvu kabisa. Wote wanangoja lori la Njombe, na wote wanangoja chakula.

Kaka alipotoka kazini alitusalimia akicheka sana, cheko la mtu asiye na unga ndani. Akatupeleka hotelini.

Ni kweli sahani zilifika upesi. Baba mdogo alimaliza yake kabla mimi sijanawa vizuri. Akaigeuza sahani, akaitazama upande wa chini.

"Mwanangu," akamwambia kaka, "nashukuru kwa kionjo. Chakula chenyewe kinakuja saa ngapi?"

Kaka akaagiza nyingine. Na ya mtoto, maana mama yake alikuwa anamlisha kwenye sahani yake na yeye hali. Halafu nikamwona anatoa mfukoni zile senti zake zenye tundu, alizozitunga kwenye uzi, hela ya baiskeli. Akafungua fundo chini ya meza na kuanza kuzivua moja moja, midomo inatembea bila sauti.

Nikaandika kiganjani, kisha nikasema.

"Kaka. Ile hesabu ilikuwa na kosa."

"Haikuwa na kosa. Niliirudia kambini."

"Unga niliuandika wote. Watu sikuwaandika."

"Watu gani?"

Nikamwonyesha kwa macho tu. Baba mdogo alikuwa anapangusa mchuzi kwa tonge, ametulia. Nikamnong'oneza kaka kwamba zile arobaini na moja hazikuwa za mdomo wake na wa mkewe. Kila siku sufuria ile ilikuwa na watu watano, pengine zaidi. Ukigawanya kwa watu waliokula, ni shilingi nane na senti kidogo kila mmoja kwa mwezi, na hotelini nane haikufikishi hata wiki mbili.

"Si ulikuwa unawaona?"

"Nilikuwa nawaona."

"Sasa mbona hukuwahesabu?"

"Niliona aibu," nikasema. "Ni wageni."

Alinielewa. Tumelelewa na mama mmoja. Kwetu mtoto akitazama sahani ya mgeni anafinywa, na akitaja mgeni amekula vipande vingapi halali na ngozi nzima. Kwa hiyo unga niliuhesabu kama nilivyofundishwa shuleni, na vinywa nikaviruka kama nilivyofundishwa nyumbani, na tofauti yote ikamwangukia wifi. Naye alikuwa amelelewa vilevile. Alisimama pale mlangoni na mwiko, anasoma bei yake, na asingeweza kujitetea bila kumtaja baba mdogo. Wala bila kunitaja mimi, niliyekuwa namalizia kipande cha pili.

"Mnanong'ona nini?" baba mdogo akauliza. "Mnasema mzee anakula sana."

"Hapana, baba," kaka akasema. "Tunasema mvua." Akafunga uzi wake fundo jipya. Uzi ulikuwa umefupika.

Asubuhi lori la Njombe lilikuwa tayari, baba mdogo na jirani wameshapanda juu. Kaka akamwendea dereva, mtu wanayefahamiana.

"Ukipita Yakobi mwambie mke wangu arudi. Aje na ile sufuria kubwa. Mwambie hesabu imegeuka."

Nilifurahi, lakini furaha haikufika mbali. Nilingoja kaka aongeze neno jingine, kwamba nyumba imekuwa baridi, au tu kwamba anamsalimia. Alikuwa ameshamaliza. Wifi angeitwa kwa sababu sasa ndiye aliye rahisi. Na kule kisimani wangemwona anaondoka na sufuria zake kama walivyomwona anakuja nazo, na yule mama angepata la kusema.

Dereva akawasha gari, akanitazama kupitia dirishani.

"Na wewe, binti? Huna neno la kwenu?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa kiganjani tayari, lote: wawaambie pale kisimani kwamba hakurudishwa kwa sababu ya tumbo lake, ni mimi niliyekosea hesabu. Baba mdogo alikuwa anatazama kutoka juu ya mizigo, na utingo, na wauza maandazi. Dereva akaingiza gia.

"Wasalimie," nikasema.