Mlango wa Tanuri Siuzibi

Siku ile ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwetu ni siku ya kuoka. Mama alikuwa ametia moto mapema ndani ya kichuguu. Huko nilikozaliwa, kusini ya mto Ruvuma, hatukununua tanuri. Ukipata kichuguu kikubwa kilichohamwa na mchwa, unakichimba tumbo, unakitoboa tundu la moshi juu, basi, tanuri unalo. Udongo wa mchwa haupasuki ovyo. Kuoka mama alijifunzia jikoni kwa Mreno mmoja aliyekuwa akimpikia. Alipoacha kazi alirudi na ujuzi tu, maana ndicho kitu pekee ambacho hawakuweza kumpekua mlangoni.

Ngano ilikuwa haba, akaichanganya na unga wa mtama. Chachu yake ilikuwa togwa iliyolala. Joto alilipima kwa mkono. Akishakokota makaa nje, alitia mkono ndani akasoma Alhamdu. Mkono ukishindwa mwanzoni kabisa, mkate utaungua. Ukifika "amina" bila taabu, moto umeshapoa na kuni umezitupa. Mkono unatakiwa ushindwe katikati. Hapo ndipo alipoingiza mikate, akaegemeza ubao uliolowekwa maji, akauziba pembeni kwa udongo.

"Joto ni kuni," alikuwa akiniambia, "na kuni ni mgongo wangu."

Mimi nilikuwa sijavunja ungo. Mdogo wangu Bakari ndiyo kwanza anatambaa. Baba alikuwa porini na wapigania uhuru, na jambo hilo Wareno walikwisha kulijua.

Mikate ilikuwa imeshatoka, imepangwa juu ya ungo inapoa, tuliposikia bunduki upande wa kisimani.

Mama hakupiga kelele. Alitia mkono tanurini. Akasoma Alhamdu mpaka amina. Akaianza tena, akaimaliza.

"Ingia," akasema.

"Mama, kuna joto."

"Nimepima. Ingia na mtoto. Mkalishe chini ya tundu apate hewa. Akilia mpe kidole anyonye."

Akaegemeza ubao. Nikasikia viganja vyake vikipaka udongo, pa, pa, pa, vilevile kama Ijumaa zote.

Mlango ule huzibwa kwa nje.

Nje watu walipita wakikimbia. Kisha wakapita wengine, wana viatu.

Bakari alininyonya kidole mpaka kikafa ganzi. Hakulia.

Nikasikia moshi wa makuti. Nikasikia mtu akicheka.

Halafu kimya.

Nilipoona tundu la juu limekuwa jekundu, jua linashuka, nilianza kuupiga ubao kwa visigino. Udongo ulikuwa umekauka kama tofali. Mama alikuwa ameziba vizuri, hakuwa mtu wa kazi mbovu hata siku ile. Nilipiga mpaka visigino vikatoka damu, ubao ukaanguka.

Nyumba zilikuwa zimeungua. Kichuguu hakuna aliyekishughulikia, nani ana shida na kichuguu? Mama alikuwa amelala karibu na kisima. Nadhani aliwapeleka huko makusudi, mbali na sisi. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka viwikoni, umekauka. Mikate ilikuwa imeliwa. Kama walimuua kwanza au walikula kwanza, sijui, na nimeacha kujiuliza. Mmoja ulikuwa umekanyagwa. Niliupangusa nikaufunga kwenye kanga yake. Ndio uliomvusha Bakari mto, namlowekea kidogo kidogo, tukifuatana na majirani waliosalia. Baba hatukumwona tena.

Serikali ya Tanganyika, iliyokwisha kuwa Tanzania, ilitupokea. Mwisho tukafika Kitomanga, Lindi. Alitupokea Bi Somoe, Mmwera, mjane mwenye mikorosho na ulimi mkali. Sisi Wamakonde na Wamwera ni watani, basi hakuniacha. Siku aliponikuta nachimba kichuguu nyuma ya nyumba yake aliita majirani.

"Njooni mwone! Mmakonde amehamia kwa mchwa! Nyumba nimempa, kaona haimfai!"

"Cheka, bibi," nikamwambia. "Utakuja kuomba kipande."

"Mimi nile mavi ya mchwa?"

Akala. Akaomba kingine.

Ngano ilikuja dukani mara moja moja enzi zile za kijiji cha ujamaa, na ikija ina fukusi. Nilichekecha, nikachanganya na unga wa makopa, sehemu moja ya ngano kwa mbili za muhogo, na tui kidogo ili usikauke. Kuni zangu zilikuwa matawi makavu ya mikorosho. Majivu nilisugulia masufuria. Tanuri likipoa nilikausha humo dagaa. Sikutupa kitu. Kusoma nimejifunza ukubwani, jioni, pamoja na akina mama wengine wa kijiji, lakini kuishi sikufundishwa na mtu. Kwa mkate huo Bakari amesoma, na nyumba ya bati hii imesimama.

Jambo moja tu lilimkera Bi Somoe mpaka anakufa. Nilikuwa naegemeza ubao bila kupaka udongo.

"Mwanangu, joto lote linatoka! Wewe unayekwangua ukoko wa sufuria mpaka sufuria inalia, kuni hizo huzionei uchungu?"

"Nazionea."

"Ziba basi."

"Sizibi."

Bakari alikua akawa fundi wa vyuma, Lindi mjini, kule Rasbura. Mwaka mmoja alikuja na mlango wa tanuri aliouchomelea mwenyewe, mzito, una komeo kwa nje. Aliufunga akarudi nyuma kuutazama, anafurahi.

"Haya dada, joto halitoki tena. Kuni utatumia nusu."

Nikamwambia, "Komeo ling'oe."

"Kwa nini? Ndilo linalobana!"

Hakuwa anakumbuka. Angekumbukaje? Miaka yote nilimwambia mama alikufa vitani, basi, nikaendelea na kazi. Siku ile nilimweleza, kuanzia Alhamdu ya kwanza mpaka kisimani. Sikulia, wala yeye. Alifungua ule mlango, akatia mkono ndani ya tanuri nililokuwa nimeokea asubuhi. Midomo ilikuwa inacheza. Akafika amina. Akaianza tena.

Alipoutoa mkono alichukua tindo na nyundo, akaling'oa komeo.

Mlango ule ninao mpaka leo, umeegemea tu, hata mtoto angeusukuma kutoka ndani. Kuni zinapotea, najua. Mkate wangu hautoki mwekundu sana juu. Wateja wameuzoea hivyo.