Nyumba ya Mpiga Kengele

Juzi nilikuwa natoka Kendu Bay, nikafika Katito, nikajipeleka mwenyewe mpaka kanisani. Rafiki yangu, usifanye kosa kama hilo. Palipokuwa na nyumba yetu wamemwaga kokoto, waumini wanaegesha magari. Nilisimama pale pale palipokuwa jikoni kwa nyanya yangu, mtu akanipigia honi nimpishe.

Nasema nyumba yetu, lakini haikuwa yetu hata siku moja. Babu yangu alikuwa mtumishi wa kanisa. Alifagia, aliwasha mishumaa, alipalilia makaburi ya mapadri, na alipiga kengele, ambayo kwa kweli ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Baba yake aliifanya kazi hiyo hiyo kabla yake. Kanisa liliwapa vyumba viwili vya mabati nyuma ya madhabahu, na babu alikulia humo, akaoa humo, akanilea humo.

Tulikula kanisani, tukavaa kanisani. Siku ya mavuno watu walileta kuku, mtama, ndizi, dagaa wa omena kwenye karai. Padri akishachukua chake, kilichobaki kilikuja kwetu, na nyanya alikaanga zile omena na nyanya mbichi mpaka jirani akajileta bila kuitwa. Jumamosi nyumba ilinuka makaa, yeye akipiga pasi vitambaa vya madhabahu, mimi nikisugua vinara kwa majivu na ndimu hadi vidole vinawasha. "Sugua, mama, Mungu anaona," alisema. Nami nilimwomba Mungu aangalie pengine kidogo. Wee, nilikuwa na furaha! Nilidhani sisi ndio wenye kanisa.

Halafu asubuhi moja babu alianguka akifagia, akafa kabla hatujampata mtu wa gari. Nyanya aliomba jambo moja tu: azikwe pale uwanjani, pembeni, karibu na makaburi aliyoyatunza. Wazee wa kanisa wakaja, wakakaa, wakanywa chai yetu.

"Pole sana, Mama," mwenyekiti akasema. "Lakini hapa tunazika mapadri. Mzee ana kwao." Akanywa tena. "Na hii nyumba, mtumishi mpya ataihitaji."

Chai yetu bado iko mdomoni! Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Kwao kulikuwa juu milimani Nyakach, kwa ndugu zake, mahali alipotoka akiwa mtoto mgongoni. Na kwetu mwanamume mzima hazikwi bomani bila nyumba yake. Basi ndugu zake wakamjengea siku ile ile ya kuzika. Gari lenye jeneza lilisimama langoni likingoja, huku juu wanagongelea mabati na chini wanakandika udongo kwa haraka. Babu aliingia humo akiwa maiti, akatolewa, akazikwa. Nyanya akabaki ndani, mjane katika nyumba ambamo hajawahi kupika hata uji, kuta bado zinatoa maji. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, sikujua nianze na kipi.

Sasa kanisa lina spika kubwa, na wa kufagia huja na kurudi kwao jioni. Hakuna tena familia inayolala nyuma ya madhabahu. Labda ni afadhali. Lakini nilimuuliza kijana anayelinda magari pale kokotoni kama amewahi kusikia habari za mzee aliyeishi hapo, akasema hapo pamekuwa pa kuegesha magari siku zote.

Nyanya aliishi kule milimani mpaka kufa kwake. Shemeji zake walimpa shamba na mbuzi, siwezi kuwasema vibaya. Ila lile furushi alilotoka nalo kanisani hakuwahi kulipakua lote. Kila mara alichomoa gauni, akalivaa, akalifua, akalirudisha, akafunga. Siku moja nikamwambia, "Nyanya, hapa ni kwako. Hakuna wa kukuhamisha."

"Hata kule walisema hivyo," akanijibu, akakaza fundo.